Tairi la Kiangazi

Kabla goti lake halijakauka kama mpini wa jembe, mwanamke huyu aliitwa Bi Kona. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wanaume wa kijiweni, na wanaume wa kijiweni si watu wa kumsifu mwanamke bure. Walikuwa wakimwona kila alfajiri akishuka mteremko na kreti tatu za mikate nyuma, anafika kwenye kona, analala na pikipiki mpaka unasema sasa huyu anakwenda kubusu lami, halafu anainuka, na hakuna hata mkate mmoja uliohama mahali pake. Wawili watatu walijaribu kumwiga. Waliokotwa mtaroni, na mikate yao ikaliwa na kuku.

Pikipiki alifundishwa na baba yake, fundi baiskeli aliyejaliwa mabinti watupu na akakataa katakata kusikitika. Baba huyo alikuwa akimwambia kwamba pikipiki haijui wewe ni mke au mume, inajua mkono tu. Alipoolewa, mama mkwe aliona aibu ya kuwa na mkwe anayepanda chombo cha wanaume, na wiki ya kwanza alikataa kula mkate wowote uliopita mikononi mwake. Mwezi wa pili ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni kuwaonyesha majirani: mkwe wangu huyo, anapita.

Mume wake naye alikuwa dereva wa pikipiki, wa abiria, pale pale kijiweni chini ya mteremko. Mtu mpole. Mpole wa kupindukia, wa aina ile ambayo ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi. Bi Kona alimpenda kwa hilo. Alikuwa ameziona nyumba za wanaume wakali na hakuzitamani.

Na mume huyo alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Wote wawili waliitwa kwa majina yao hadi mdogo alipoanza kushika kijiko. Tangu hapo yeye akawa Shoto, kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, kuanzia kula mpaka kuapa. Alikuwa na duka la matairi juu ya mteremko, na ndani ya duka hilo alichonga.

Tuelewane hapa. Kuchonga tairi si wizi. Tairi likishakuwa kipara, mchongaji hupasha kisu kwenye jiko la mkaa, akalikata mifereji mipya pale ilipokuwa ile ya zamani, akalipaka rangi nyeusi ya viatu likang'aa. Hilo huitwa tairi la kiangazi. Kwenye lami kavu linakufikisha. Mvua ikikaribia unalitoa bila kukumbushwa, maana mpira uliobaki ni mwembamba kama ganda la kitunguu, na mifereji ile ni ya kutazamwa tu, haishiki kitu. Sheria ni moja, na hata mtoto wa pale anaijua: mchongaji humwambia mnunuzi. Mchongaji anayenyamaza, akauza la kuchonga kwa jina la jipya, ni muuaji ambaye hajakamatwa.

Mwaka ule, kiangazi kikiwa katikati, tairi la nyuma la Bi Kona liliisha. Mumewe akamwambia asihangaike. Akafungua gurudumu asubuhi, akaondoka nalo, mchana akalirudisha na tairi linalong'aa. Akasema limetoka kwa Shoto, jipya. Bi Kona akapitisha kiganja, kikatoka cheusi. Akacheka, akasema ni jipya mpaka halijakauka.

Mvua ya kwanza ilimkuta juu ya mteremko. Mvua yenyewe si mvua, ni manyunyu, yale yanayolowesha vumbi na mafuta yaliyokaa lamini miezi mingi mpaka barabara yote inakuwa sabuni. Bi Kona alilijua hilo kama alivyojua majina ya wanawe. Ndiyo maana alipunguza mwendo mapema, akaachia breki ya mbele, akaingia kwenye kona wima, taratibu, kama aliyebeba mayai. Na hata hivyo gurudumu la nyuma likaondoka. Halikuteleza kidogo likarudi, kama linavyofanya tairi lenye haya. Liliondoka moja kwa moja, kana kwamba halikuwahi kuwa lake. Pikipiki ikamlalia mguu, wakaserereka pamoja, yeye na chuma na mikate, mpaka mawe ya ukingoni yakawapokea. Goti ndilo lililofika kwanza.

Alipofumbua macho, uso wake ulikuwa shibiri moja kutoka kwenye gurudumu. Lilikuwa bado linazunguka, polepole. Rangi ya viatu ilikuwa imekwaruzwa na lami, na chini yake akaona mifereji iliyolalia upande mmoja, kama mwandiko wa mtu wa kushoto, na ndani ya mifereji nyuzi za tairi zikichungulia. Watu walikuwa wakimpigia kelele asiinue kichwa. Yeye hakuwa na haja ya kuinua kichwa. Alikuwa akiutazama mkono wa shemeji yake.

Pia ya goti ilikuwa vipande. Madaktari walifanya walichoweza, na plasta ilipotolewa mguu ulitoka umenyooka, ukakataa kukunjika. Ulikuwa mguu wa kushoto, wa gia. Pikipiki yake alipoiulizia, mumewe akamwambia kwamba Shoto aliichukua akaitengeneza, ikauzwa kusaidia gharama za hospitali. Na tairi? Tairi hakuna aliyejua liliko.

Alipoweza kutembea kwa fimbo aliwaomba wakutane kwa mama mkwe. Akaketi kwenye kochi, mguu juu ya stuli, akasema bila kuzunguka kwamba tairi lile lilichongwa, na kwamba Shoto alilichonga akamuuzia kaka yake kwa jina la jipya. Shoto akafungua mdomo, akamtazama kaka yake, akaufunga. Mumewe akasema, kwa ule upole wake, kwamba mkewe alianguka vibaya, kichwa nacho kiligonga, na macho ya mtu aliye katika maumivu huona mengi. Mama mkwe akalifunga shauri. Ajali haina kinga, akasema, yaliyopita si ndwele, na damu ni nzito kuliko maji.

"Damu niliiona pale lamini, mama," Bi Kona akasema. "Ilikuwa yangu peke yangu."

Chai ikaletwa, wakanywa. Njiani kurudi nyumbani alimwonea mumewe huruma, kwa maana kudanganywa na ndugu wa tumbo moja si jambo dogo, na mtu mpole hana pa kulipeleka jambo kama hilo. Yeye alikuwa na pa kulipeleka. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akimfikiria Shoto, na kuanzia siku hiyo akaanza kumpenda Shoto.

Alimpenda waziwazi. Alimsalimu kwanza. Alipokuja kula kwao alimtilia nyama kubwa na kumuuliza kama mgongo bado unamsumbua. Mama mkwe akawatangazia watu kwamba mkwe wake ana moyo wa dhahabu, kasamehe. Subira huvuta heri, wanasema. Hawasemi heri ya nani.

Tajiri wa mikate hakumtupa, hilo tumshukuru. Alimweka kwenye kiti karibu na tanuri awe anafunga mikate, mguu kaunyoosha mbele, kila apitaye sharti auruke. Akamkabidhi pia pikipiki za kazi, maana Bi Kona aliweza kusikia injini inapowashwa uani akasema mnyororo umelegea, na ukienda kutazama unakuta umelegea. Lakini kila pikipiki ilipotoka alfajiri, goti lilijaribu lenyewe kukunjika kutafuta gia, likashindwa, na maumivu yakapanda mpaka kiunoni. Hapo ndipo alipomkumbuka Shoto. Alimkumbuka kila alfajiri, siku za kazi na siku za mapumziko.

Aliwaza mengi. Aliwaza kuchoma lile duka, akaona majirani wangeungua nao. Aliwaza polisi, lakini polisi wangeuliza tairi liko wapi. Aliwahi hata kumwapiza, kwa dhati, miezi miwili mizima, na Shoto akanenepa. Mwishowe akatambua kwamba hataki Shoto aumie kichinichini, kwa ugonjwa au kwa bahati mbaya, watu wakampelekea matunda. Alitaka aumie mchana, mbele ya macho ya watu, na aumizwe na kazi ya mikono yake mwenyewe. Mwosha huoshwa.

Mafundi wa pale wana desturi yao. Fundi akifunga tairi jipya hulitembeza kwanza yeye, mteja kampakia nyuma, mpaka kijiweni na kurudi, ndipo mteja analipokea. Shoto aliifuata desturi hiyo vizuri sana wakati wa jua. Kwa hiyo Bi Kona alibakiwa na kazi moja, kungoja. Wengine waliomba mvua kwa ajili ya mashamba yao. Yeye aliomba manyunyu tu, ya mchana, na lami iwe na vumbi la kutosha.

Yalikuja mwaka ulipogeuka. Asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa chini, na upepo una harufu ya udongo. Pikipiki moja ya mikate ilikuwa na tairi la nyuma lililoisha. Alikuwa ameliacha liishe makusudi, akisema litafika tu. Akamwambia tajiri kwamba leo ndiyo leo, akampandisha dereva mbele, wakaenda mpaka dukani kwa Shoto. Kisha akamruhusu dereva aende kunywa chai.

Ndani ya duka kulikuwa na watu wanne watano, waliokuja kujaza upepo na kupiga soga. Bi Kona akaomba tairi jipya. Shoto akamwonyesha yaliyopangwa ukutani, na Bi Kona akayapitia moja moja, akiyagusa kwa kidole gumba kama mtu anayechagua nyanya. La kwanza kidole kikatoka safi. La pili safi. La tatu kikatoka cheusi.

"Hili hapa, shemeji. Ni jipya?"

"Jipya kabisa, shemeji. Nikuuzie wewe kitu kibovu?"

Watu walisikia, na yeye alihakikisha wamesikia. Shoto akafunga tairi, akipiga mluzi. Alikuwa anakaza nati ya mwisho matone yalipoanza kugonga bati, moja moja, kisha mengi madogo. Mluzi ukakatika. Bi Kona akachukua fimbo yake, akajikongoja mpaka kwenye pikipiki, akapanda kiti cha nyuma, mguu kaunyoosha pembeni.

"Haya, shemeji. Tulitembeze."

Shoto akasema wangoje mvua ikatike. Bi Kona akasema mikate ya jioni haingoji. Shoto akasema basi atampeleka na pikipiki yake yeye, ile ya kwake, halafu hii aje kuichukua kesho. Bi Kona akauliza, kwa sauti ya kuuliza tu, kwa nini waende na ile yenye tairi kuukuu wakaiache yenye tairi jipya. Mmoja wa wale waliokuwa dukani akacheka, akamwambia Shoto asiogope maji, hayeyuki. Shoto akacheka naye. Kisha akapanda, maana hakuwa na njia nyingine.

Alikwenda kwa gia ya kwanza, miguu yote miwili ikiburuza chini kama mtoto anayejifunza baiskeli. Walipofika mahali lami inapoanza kuinama, akasimama. Kona ilionekana kule chini, nyeusi, inang'aa. Bi Kona aliona shingo ya shemeji yake imelowa, na alijua si manyunyu.

"Shuka, shemeji," Shoto akasema. "Nakuomba. Njia mbaya."

"Ni mbaya. Mimi naijua kuliko wewe."

"Utaumia."

"Nimebakiwa na goti moja, shemeji. Nimekuja nalo. Endesha."

Wala hakuwa anatishia. Kama Shoto angeendesha, yeye angekwenda naye. Alikuwa ameshaagana na goti hilo la pili tangu asubuhi, na kama kuanguka kungewaangusha wote wawili mpaka kwenye mawe yale yale, angefumbua macho amtazame Shoto akilitazama gurudumu. Shoto alilisikia hilo katika sauti yake. Akazima taa ya mbele bila sababu, akaiwasha tena. Kisha akashuka.

Alidhani na yeye atashuka. Bi Kona hakushuka. Alisogea mbele mpaka kwenye kiti cha dereva, mahali ambapo hakuwa amekaa kwa mwaka mzima, akaiacha injini ikinguruma taratibu, akamwambia amshikie usukani na amteremshe. Na Shoto akamteremsha. Alitembea pembeni, mkono mmoja kwenye breki, mwingine kwenye kiti, ndala zikimteleza kila hatua, akiishikilia pikipiki kama ng'ombe wa kupelekwa sokoni. Bi Kona kakaa wima juu yake na anapiga honi. Alipiga honi kuanzia juu mpaka chini. Wenye maduka wakatoka milangoni, wanawake wakafungua madirisha. Kwenye kona yenyewe aliiachia kidogo honi ili aitazame ile sehemu, mawe yale, kisha akaiendeleza.

Kijiweni madereva walikuwa wamejibanza chini ya bati. Mmoja akauliza kama pikipiki imezima. Bi Kona akaongeza mafuta kidogo kwa mkono, injini ikapaza sauti, kila mtu akaisikia.

"Haijazima," akasema. "Muulizeni fundi kwa nini anashuka kwa miguu, na tairi kalifunga sasa hivi. Jipya."

Shoto akasema lami ina utelezi. Dereva mmoja, baba wa makamo anayewapeleka watoto wa shule na kuwarudisha, akasema kwamba yeye ameshuka mteremko ule ule sasa hivi, manyunyu yakianza, akiwa na watoto wawili nyuma, na tairi alilinunua kwa Shoto mwezi uliopita, jipya. Alipolitamka neno hilo uso ukambadilika. Akashuka, akainama, akalikwangua tairi lake kwa ufunguo, akautazama ufunguo. Jirani yake naye akainama. Kisha wa tatu, kisha wote, mstari mzima wa wanaume wameinama nyuma ya pikipiki zao, wanakwangua.

Tusimpambe Bi Kona kwa sifa asizokuwa nazo. Alifurahi. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Alimtazama Shoto akirudi nyuma hatua moja, na wale waliokuwa wameinama wakianza kuinuka mmoja mmoja wakimgeukia, na akajisemea kwamba hata goti lingepona leo asingefurahi hivi. Shoto hatauza tena hata kifuniko cha upepo mahali hapa. Kesho atakuwa anatafuta mji mwingine wa kuchongea.

Ndipo alipomwona mumewe. Alikuwa chini ya bati na wenzake, amekaa juu ya pikipiki yake. Yeye hakuwa ameinama. Ni yeye peke yake ambaye hakuinama, na hakuwa akimtazama ndugu yake. Alikuwa akimtazama mkewe, na uso wake ulikuwa umeingiwa na woga.

Bi Kona akashuka. Akaburuza mguu mpaka kwa mumewe, akashika kiti cha pikipiki yake, na kwa kuwa goti halikunjiki akainama kwa kiuno, mgongo ukimlia, mpaka akalifikia tairi. Akalikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukatoka safi. Mifereji ilikuwa mirefu, imenyooka, ya kiwandani.

"Hili ulilinunua wapi?"

"Mjini."

"Si kwa ndugu yako."

Mumewe akainamisha macho kwenye usukani.

"Na langu, alikwambia limechongwa?"

Nyuma yao watu walikuwa wameanza kumpigia Shoto kelele, lakini Shoto hakuwa akiwasikiliza; alikuwa akimtazama kaka yake, mdomo wazi, kama siku ile kwa mama yao.

"Aliniambia," mumewe akasema. "Kilikuwa kiangazi, mke wangu. Nilisema nitalitoa kabla ya mvua."

Manyunyu yaliendelea. Bi Kona alisimama akimtazama huyu mtu mpole aliyelala naye kitanda kimoja mwaka mzima, aliyemsugua goti kwa mafuta ya moto kila usiku, aliyemwambia mbele ya mama yake kwamba macho yake yaliona vibaya. Mumewe akamuuliza, kwa sauti ndogo, kama atamsamehe.

"Shoto nimemngoja mwaka mzima," akasema. "Wewe sina haraka nawe. Washa, twende nyumbani."

Mumewe akawasha. Bi Kona akapanda nyuma, akaunyoosha mguu pembeni, akamshika kiuno kwa mikono yote miwili.